Kumchagulia mtoto kitabu kipya: mwongozo kamili wa umri kwa umri kwa wazazi, walimu na wakutubi wa Mombasa

Maandishi ya "Miaka 6–9" nyuma ya jalada yamewekwa na mchapishaji ili muuzaji ajue kitabu akipange rafu gani. Hayamjui mtoto wako. Mtoto wa Gredi 2 aliyelelewa Kuze na nyanya mwenye hadithi zake kila usiku, na mwenzake wa Gredi hiyo hiyo kule Mikindani ambaye nyumbani kwao huongea Kikamba, wote wana miaka saba, lakini kitabu kimoja hakiwezi kuwafaa kwa namna moja. Anayependekeza vitabu kwa kuangalia umri peke yake atapatia mara chache na kukosea mara nyingi, na kila akikosea mtoto ndiye anayeamini kwamba kusoma hakuwezi.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, mkutubi, muuzaji wa vitabu, na yeyote anayeulizwa kwenye kikundi cha wazazi, "Jamani, mtoto wangu nimnunulie kitabu gani?"

Kila kitabu kina umri wa aina mbili

Mtoto huelewa hadithi anayosomewa mapema sana kuliko anavyoweza kuisoma mwenyewe. Pengo hilo ni kubwa katika PP1 na PP2 (madarasa ya chekechea) na Gredi za chini, kisha hupungua polepole hadi kufikia miaka 13 hivi. Kwa hiyo kila kitabu kina umri wa kusomewa na umri wa kujisomea. Hadithi ambayo mtoto wa miaka mitano anaifurahia akiwa amekaa pajani inaweza kumshinda kuisoma mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane.

Usipozitenganisha umri hizi mbili, makosa huja kwa njia mbili. Ya kwanza, mzazi ananunua kitabu cha kusomewa, anamwachia mtoto ajisomee, mtoto anakwama, na nyumba nzima inasema huyu hapendi vitabu. Ya pili ni chungu zaidi: mtoto wa miaka kumi ambaye bado anasoma kwa shida anapewa kitabu cha chekechea kwa sababu "ndicho anachokiweza". Anaona haya mbele ya wadogo zake na anakificha. Huyo anahitaji kitabu chenye sentensi fupi lakini chenye mambo ya rika lake: mpira, bahari, meli, mafumbo ya upelelezi, vibonzo.

Mpime mtoto kwanza, dakika kumi zatosha

Wengi wanakijua kipimo cha vidole vitano: mtoto asome ukurasa mmoja, ukunje kidole kwa kila neno linalomshinda, na vidole vitano vikiisha kitabu ni kigumu. Kipimo hicho kilipata umaarufu kwa wasomaji wa Kiingereza. Kwa Kiswahili, ukikitumia hivyo hivyo, kitakudanganya.

Sababu ni kwamba Kiswahili husomwa kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi anaweza kulitamka neno lolote bila kulielewa hata chembe. Mpe mtoto wa Gredi 3 sentensi hii: "Nahodha alitweka tanga alfajiri." Ataisoma bila kusita, sauti imenyooka, na mzazi aliyeko jikoni ataridhika. Muulize nahodha alifanya nini: kimya. Kunja vidole vyako. Hakuna hata kimoja kilichokunjwa, na sentensi nzima imempita.

Basi fanya hivi:

1. Chukua kitabu asichowahi kukiona. Kifungue katikati, maana kurasa za mwanzo huwa nyepesi kuliko zinazofuata. Tafuta ukurasa wenye maneno 50 hivi, au kurasa chache zinazofuatana kama kila ukurasa una maneno machache.
2. Asome kwa sauti. Usimsahihishe wala usimharakishe. Kunja kidole kwa kila neno analokwama nalo au analolikata silabi moja moja.
3. Funika ukurasa. Uliza mambo matatu: ni nani aliyekuwemo, kumetokea nini, na unadhani kitafuata nini.
4. Chagua maneno matano ya ukurasa huo, yale mazito, na umwambie alitumie kila moja katika sentensi yake mwenyewe. Usimuombe maana, watoto wengi wanaijua maana ila hawawezi kuieleza.

Ikiwa hukukunja zaidi ya kidole kimoja, anasimulia vizuri, na maneno manne au matano anayatumia sawasawa, kitabu hicho ni chepesi: ni cha raha, cha kurudia. Vidole viwili au vitatu, huku akisimulia kisa bila kusaidiwa, ndicho cha kujisomea hasa. Kuanzia vinne, kitabu ni cha kusomewa kwa sasa. Na ikiwa hakuna kidole kilichokunjwa lakini hawezi kusimulia wala kutumia maneno mawili kati ya matano, tatizo ni msamiati. Huyo usimshushe aanze silabi upya. Msomee kwa sauti kila siku, umweleze maneno njiani, na umpe vitabu vyenye picha zinazobeba maana.

Angalizo kwa walio Mji wa Kale, Majengo na kwingineko kunakozungumzwa Kimvita. Mtoto akiona "njia" akasoma "ndia", au "kichwa" akasema "kitwa", hajakosea kusoma. Ameona neno, amelielewa, amelitamka kama linavyotamkwa kwao. Usikunje kidole. Mwenye kosa la kweli ni anayesoma "njia" akasema "nija", kwa sababu huyo bado silabi zinamponyoka.

Jambo jingine la kuzingatia ni hesabu ya maneno. Viwango vingi vya vitabu vya watoto vimewekwa kwa kuhesabu maneno ya Kiingereza, ilhali neno moja la Kiswahili laweza kuwa sentensi nzima: "hawatatusomea" ina silabi saba na kazi ya maneno matano sita. Ndiyo maana hata katika upimaji wa usomaji wa madarasa ya chini nchini Kenya, kiwango cha ufasaha kiliwekwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, na 45 tu kwa Kiswahili. Hadithi iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza huwa na maneno machache kuliko ile ya asili na bado ikawa ngumu zaidi kwa macho ya mtoto. Ukiona kitabu cha tafsiri kimeandikwa "kiwango cha 2", kichukulie kama cha 3 mpaka umekipima.

Kuzaliwa hadi miaka 2

Kitabu cha umri huu kitatafunwa, kitatupwa, na kitavutwa na mikono miwili. Tafuta kurasa za kadibodi nene zenye pembe za mviringo, picha moja kubwa kila ukurasa, na rangi zinazoachana wazi. Maneno si lazima. Epuka vilivyobandikwa vishanga au vitambaa vinavyong'oka. Vile vinavyotoa sauti, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu: betri ndogo za duara zikimezwa huunguza koo la mtoto kwa ndani kwa muda mfupi sana.

Kama bei haikubali, tengeneza. Picha nane za watu na vitu vya nyumbani, kadibodi ya boksi, plastiki ya kufunikia madaftari, matundu mawili na utepe. Mtoto wa mwaka mmoja atamtambua babu yake haraka kuliko dubu.

Miaka 3 hadi 5 (PP1 na PP2)

Hapa ndipo kitabu cha picha kinapotawala. Kwa kawaida huwa na kurasa 24 au 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16. Sentensi moja hadi tatu kila ukurasa zinatosha, na ziwe na kiitikio ambacho mtoto atakidaka baada ya kurasa nne. Watoto waliozoea kuitikia "Pakawa!" mtu akisema "Paukwa!" wanajua kazi ya kiitikio tayari, kitabu kisicho nacho huwa kinakwenda peke yake.

Kipimo cha kitabu cha picha: funika maneno kwa kiganja, pindua kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisa kikieleweka kwa picha tupu, kichukue. Kama picha zinaonyesha watu wamesimama tu wakitabasamu huku maneno yakifanya kazi yote, kiache.

Soma kwa dakika tano hadi nane. Uliza swali moja kila baada ya kurasa mbili au tatu, si kila ukurasa, la sivyo hadithi inageuka mtihani. Mtoto akijibu kwa neno moja, lirudishe likiwa limeongezwa: akisema "paka", wewe sema "naam, paka amejificha chini ya mtumbwi", kisha endelea. Na akitaka kitabu kile kile kwa siku ya kumi mfululizo, msomee. Kurudia ndiko kunakomkalisha maneno.

Miaka 6 na 7 (Gredi 1 na 2)

Umri huu ndio wenye vitabu vingi vibaya, na ndio unaotaka jicho kali, kwa hiyo chukua rula uende nayo dukani.

Pima urefu wa herufi kubwa. Kwa msomaji anayeanza iwe milimita 5 hadi 6, sawa na herufi za pointi 20 hadi 24. Kwa aliyepiga hatua, milimita 4 na nusu. Herufi za milimita 3 ni za wakubwa. Maandishi yawe juu ya eneo jeupe au la rangi hafifu. Vitabu vipya vingi vinamwaga maneno juu ya picha ya bahari ya buluu iliyokolea, yanapendeza kwa simu na yanamtesa mtoto.

Kisha angalia sentensi. Iwe na maneno matatu hadi sita, na ukurasa mzima maneno 10 hadi 25. Angalia urefu wa maneno yenyewe: mengi yawe ya silabi mbili hadi nne, na lile la silabi tano au sita lisizidi moja kwa ukurasa. "Juma ana dau. Dau ni la babu" ni ukurasa wa Gredi 1. "Hawakumfahamisha walipoondoka" ni maneno mawili tu, na ni ukuta.

Angalia pia mpangilio wa silabi. Kitabu cha kwanza kiegemee irabu na silabi za konsonanti moja: ma, ba, ka, la. Kinachofuata kilete mb, nd, ny, sh, ch. Halafu dh, th na gh, ambazo mtoto wa pwani huzitamka bila taabu lakini aliyetoka nyumba ya lugha nyingine huhitaji muda. Mwisho kabisa ziwe mbw, ngw, nyw na ng'. Kitabu kinachojiita cha "kuanza kusoma" halafu ukurasa wa pili kina ng'ombe anayekunywa maji mtoni na mbwa anayebweka kimetungwa na mtu asiyewahi kukaa na mtoto anayejifunza.

Neno lisikatwe mwisho wa mstari likaendelea chini kwa kistari. Kwa mtoto huyu vipande viwili ni maneno mawili.

Vitabu vya lugha mbili vinapendwa sana na wazazi. Vinafaa, ila chagua vyenye Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Lugha mbili zikibanwa katika ukurasa mmoja, macho ya mtoto hukimbilia ile nyepesi kwake na nyingine inabaki pambo. Kama mtoto ndio kwanza anaanza na nyumbani ni Kiswahili, mpe cha Kiswahili kitupu kwanza: tahajia yake inamlipa upesi, naye anaingia kwenye Kiingereza akiwa tayari anajiona msomaji.

Miaka 8 na 9 (Gredi 3 na 4)

Wasomaji wengi wanapotea hapa. Mtoto anamaliza vitabu vya kurasa 24, mtu anamletea cha kurasa 120 bila picha, na kiti kinabaki kitupu. Kati yake kuna daraja lake: kitabu cha kurasa 40 hadi 64, sura fupi za kurasa nne hadi sita, herufi kubwa za milimita 3 na nusu hadi 4, na picha kila baada ya kurasa tatu nne. Sura iishe kwa jambo lililoning'inia.

Tafuta vitabu vya mfululizo, vyenye mhusika yule yule. Mtoto akishamjua mhusika, nusu ya kazi ya kitabu cha pili imeshafanyika. Vibonzo pia ni vitabu. Kwa mtoto anayesitasita vinamfaa kuliko riwaya nzuri asiyoigusa.

Namna ya kumvusha: msomee sura ya kwanza kwa sauti, ya pili msome kwa zamu, ukurasa wako ukurasa wake. Ya tatu simama pale pabaya kabisa, kiweke kitabu mahali anapokifikia, uende zako.

Miaka 10 hadi 12

Kurasa 80 hadi 150, herufi kubwa za milimita 3. Sasa muulize mwenyewe anapenda nini, na usikubali jibu la "sijui": mpe vitabu vinne mezani na dakika kumi, uone kipi anakirudia. Usigawe vitabu vya wavulana na vya wasichana. Vitabu vya maarifa kuhusu bahari, mashine, miili na nyota huwashika watoto wengi ambao hadithi zimewachosha, na wazazi husahau kwamba huko nako ni kusoma.

Usiache mashairi nje. Huu ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, na mtoto wa miaka kumi na mmoja ana sikio zuri la mizani kuliko alivyo na subira ya riwaya. Diwani ya watoto ichaguliwe kwa kusomwa kwa sauti: vina vikigongana au mstari ukizidi mizani, ulimi utakwambia.

Miaka 13 hadi 15

Yatakuwemo mapenzi, dawa za kulevya, vita, misiba. Kisome wewe kwanza, au angalau sura ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Kitenganishe na kitabu cha kutahiniwa: kikinuka mtihani hakitafunguliwa.

Kukikagua kitabu kipya kabla ya kutoa pesa

Anzia ukurasa wa hakimiliki, ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Hapo utaona kama kweli ni kipya. "Chapa ya kwanza" yenye mwaka wa karibuni ni kipya. Chapa ya kwanza ya zamani yenye jalada jipya ni kitabu kile kile kilichovishwa nguo. Hakuna ubaya kukinunua, ila usikipendekeze kama kipya. Angalia pia ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu: zinazoanza 978-9966 na 978-9914 ni za Kenya, 978-9976 na 978-9987 za Tanzania, 978-9970 za Uganda. Kitabu kutoka Tanzania kitasema darasa la kwanza badala ya Gredi 1 na kuhesabu pesa kwa maelfu. Mwambie mtoto mapema na hatababaika.

Ukurasa huo usipotaja mchapishaji, mhariri wala mchoraji, ongeza umakini. Sasa vinauzwa vitabu vilivyotengenezwa kwa kompyuta haraka haraka bila mtu kuvipitia. Alama zake: shati la mhusika linabadilika rangi bila sababu, vidole vya mkono havina hesabu, na maandishi ndani ya picha, kama kibao cha duka, hayasomeki.

Halafu soma kurasa mbili kwa sauti pale pale dukani. Sikiliza ngeli, hasa za wanyama. "Simba ilikuja" na "mbwa yangu" katika kitabu cha mtoto ni sababu tosha ya kukirudisha rafuni, kwa sababu mtoto atalishika kosa lililochapishwa kuliko sahihisho lako. Tafsiri mbovu utaijua kwa sentensi inayokufanya uitafute kwa Kiingereza ili uielewe, kama "walikuwa na wakati mzuri" pale ambapo mtu wa hapa angesema "walifurahi".

Vitabu vya maarifa vina vipimo vyake vya haraka. Ukikuta sayari tisa, Zohali na jirani zake pamoja na Pluto, maarifa hayo ni ya kabla ya 2006. Ramani ya Afrika isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya 2011. Kenya yenye mikoa minane badala ya kaunti 47 ni ya kabla ya 2013. Kosa moja kati ya haya katika kitabu "kipya" lakuonyesha hakikuhaririwa.

Mwisho, shika mwili wake. Kifungue katikati mpaka kilale wazi. Kilichogandishwa kwa gundi peke yake hutoa mlio wa kuvunjika na kurasa huanza kuachia. Kilichoshonwa kwa uzi hukaa. Pini za stepla zinafaa kwa kitabu chembamba, ingawa kwa hewa yetu ya chumvi zitaota kutu. Pindua kurasa zote ukifuata namba: nakala za wizi mara nyingi zimeruka kurasa, picha zimefifia, na kingo za herufi zina ukungu kama wa fotokopi.

Kama kinahitajika kwa somo la darasani, tafuta jaladani alama ya idhini ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya. Kitabu cha raha hakihitaji alama hiyo ili kiwe kizuri.

Pa kuvipata, na lini

Anzia maktaba ya umma ya barabara ya Msanifu Kombo, uulizie sehemu ya watoto. Faida yake kubwa ni kupima kabla ya kununua: mkalishe mtoto na vitabu vitano, fanya kile kipimo cha dakika kumi, kisha ndio uende dukani ukijua unachotaka.

Madukani, msimu una maana. Januari rafu zimejaa vitabu vya kiada na za hadithi zimebanwa pembeni. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi hufanyika Septemba pale Sarit, na wachapishaji wengi huyatumia kuonyesha vitabu vyao vipya. Kwa hiyo ulizia dukani Oktoba na Novemba, kabla ya likizo ndefu. Nenda na jina la kitabu, la mchapishaji na ISBN zikiwa zimeandikwa, maana "kile cha jalada la kijani" hakiagiziki.

Vitabu vya mtumba ni hazina kwa vya picha na vya kadibodi. Vya Kiswahili utavikuta kwa nadra huko.

Kwenye intaneti, African Storybook na StoryWeaver zina hadithi nyingi za Kiswahili za bure, zenye leseni inayokuruhusu kuchapa na hata kurekebisha. Zimepangwa kwa viwango, vitano kwa ya kwanza na vinne kwa ya pili, lakini wafasiri wake ni watu wa kila namna. Zikague kama kitabu cha dukani. Kwa mtoto kiziwi, eKitabu ya Nairobi hutengeneza hadithi za video kwa Lugha ya Ishara ya Kenya.

Kujichapishia kitabu cha kurasa 16

Pakua faili ya PDF. Hesabu kurasa zigawike kwa nne. Zikipungua, ongeza kurasa tupu mwishoni, la sivyo mpangilio utavurugika. Kwenye mashine chagua mpangilio wa kijitabu, karatasi ya A4, pande zote mbili, na igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, kila ukurasa wa nyuma utatoka kichwa chini, na hili ndilo kosa linalokula karatasi nyingi mitaani. Chapa nakala moja nyeusi na nyeupe kwanza. Kurasa 16 zinachukua karatasi nne. Ya jalada iwe ngumu, gramu 160 hadi 200. Kunja pamoja, piga pini mbili katikati ya mkunjo kwa stepla ya mkono mrefu, ncha zikielekea ndani, au shona kwa uzi wa pamba matundu matatu. Uzi hauoti kutu.

Kumbuka kwamba ukurasa wa A4 ukishuka kuwa A5 herufi hupungua karibu theluthi moja. Herufi za milimita 5 zitakuwa 3 na nusu. Kwa Gredi 1 chapa A4 nzima.

Kuandika pendekezo linalomsaidia mtu

"Kitabu kizuri sana, watoto watakipenda" halimsaidii mzazi aliyesimama dukani. Linganisha na hili:

"Kurasa 24, sentensi mbili kila ukurasa, herufi kubwa. Mvuvi mzee anampoteza paka wake gatini na kumtafuta mpaka ndani ya feri. Hakuna kifo wala jini. Kusomewa: kuanzia miaka 4, dakika sita. Kujisomea: miaka 7, ukurasa wa 9 una 'mbweha' na 'kunyweshwa', msaidie. Kimeshonwa kwa uzi. Mtoto anayependa bahari."

Hayo ni maneno machache na yana kila kitu: ukubwa, kisa bila kuutoa mwisho, umri wa aina mbili, muda, pagumu, uimara, na mtoto wa namna gani. Ongeza jina la mwandishi, mchoraji, mchapishaji, mwaka na ISBN. Taja wazi yale ambayo nyumba moja itayakubali na nyingine haitayataka: majini na mizimu kabla ya kulala, nguruwe au mbwa wa ndani kama rafiki wa mtoto, pombe, sherehe za dini fulani, kifo cha mzazi. Usihukumu, taja tu. Uamuzi ni wa mzazi. Anayeyakuta mwenyewe saa tatu za usiku hatakuamini tena.

Pendekeza vitabu vitatu, si kumi: kimoja chepesi, kimoja cha saizi yake, kimoja cha kusomewa.

Kikishafika nyumbani

Wakati mzuri wa kusoma ni ule usiogombaniwa. Watoto wengi hapa wana shule asubuhi na madrasa jioni, kwa hiyo dakika kumi baada ya Isha, taa ikiwa nzuri, zinazaa kuliko saa nzima ya Jumamosi wenzake wakicheza nje.

Mpe kitabu kurasa 10 kama ni cha picha, sura mbili kama ni cha sura. Akikikataa baada ya hapo, kikubalie. Muulize kilichomchosha, maana jibu ndilo linalokuelekeza kinachofuata: "maneno mengi" maana yake shuka saizi, "najua mwisho wake" maana yake panda, "cha watoto" maana yake saizi iwe ile ile lakini mhusika awe mkubwa. Andika jibu lake kwenye daftari, na jina la kitabu. Baada ya vitabu vinane au tisa daftari hilo litakuambia kuhusu mtoto huyo zaidi ya jedwali lolote la umri.

Vitabu vipange vikiwa wima, visibanane, na rafu iachane na ukuta kwa upana wa vidole vitatu ili hewa ipite. Mvua za masika ndizo zinazoleta kuvu, na huanzia nyuma, upande wa ukuta. Usivifungie ndani ya mfuko wa plastiki vikiwa na unyevu. Kikiota madoa, kitoe nje kivulini penye upepo mpaka kikauke kabisa, kisha kifute kwa brashi kavu laini mbali na vitabu vingine. Usikifute kwa kitambaa kibichi, doa litaingia ndani ya karatasi.